Maswali ya Wasomaji: Namwambia anaweza, naye hataki kunisikia

Barua nyingi za mwezi huu zimeandikwa baada ya matokeo ya upimaji wa kidato cha pili kutangazwa, na wengi wa walioandika ni wazazi ambao majina ya watoto wao hayakuwa mahali walipotarajia kuyaona. Nimechagua tatu. Moja nimeijibu kwa urefu kwa sababu naamini inazisemea nyumba nyingi za Dar es Salaam. Nyingine mbili zinagusa jambo hilo hilo kutoka upande mwingine. Barua zimefupishwa na majina yameondolewa.

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Mbagala, na asubuhi ninauza chapati na maharage karibu na kituo cha daladala. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 15. Alipokuwa shule ya msingi hakukosa kuwa miongoni mwa watano bora, na matokeo yake ya darasa la saba yalipotoka mtaa mzima ulijua. Alipoingia sekondari ya kata mambo yakaanza kuharibika kidogo kidogo, na sasa hakufaulu upimaji wa kidato cha pili, hivyo anatakiwa kurudia darasa. Hataki. Anasema hawezi kukaa dawati moja na watoto aliokuwa akiwatuma maji. Anashinda ndani na simu, au kijiweni. Baba yake, ambaye ni fundi ujenzi, anasema tusiendelee kupoteza fedha, tumpeleke gereji Tandika akajifunze kazi. Mimi kila siku namwambia, "Mwanangu, una akili, jitahidi, unaweza." Wiki iliyopita alinijibu, "Mama, usiniambie tena neno hilo." Nililia. Mwenyewe niliishia darasa la saba, Kiingereza sikijui, na nikifungua madaftari yake sioni cha kumsaidia. Naomba uniambie ni maneno gani nimwambie ili moyo wake urudi.

Mama, Mbagala

Jibu

Marahaba, mama, na pole sana. Umeniomba maneno, nami nitafika huko, lakini kabla mtu hajafungua kinywa kuna jambo ambalo lazima lijulikane: kijana wako ameshindwa nini hasa? Mtoto anayeambiwa "unaweza" na mtu asiyejua kinachomshinda huelewa kwamba mtu huyo hajamtazama, na nadhani hilo ndilo lililokuwa ndani ya jibu lake lililokuliza.

Anza na lugha. Katika shule za msingi za serikali mtoto husoma hisabati, sayansi na masomo mengine kwa Kiswahili kwa miaka 7, na Kiingereza hukutana nacho kama somo moja kati ya mengi. Kisha Januari ya kidato cha kwanza anakuta baiolojia, fizikia, kemia, jiografia, historia na hisabati vyote vimegeuka Kiingereza, na mitihani yake vilevile, isipokuwa somo la Kiswahili na mengine machache. Shule nyingi hutumia wiki za mwanzo kuwapitisha wanafunzi katika kozi fupi ya maandalizi, lakini wiki chache haziwezi kubeba kazi ya miaka. Kijana aliyekuwa miongoni mwa watano bora anajua vizuri kwamba mmea hujitengenezea chakula kwa msaada wa mwanga wa jua, kwa kuwa alifundishwa hilo zamani akalielewa. Kinachomshinda ni kulisoma swali lenyewe, na akishalielewa, kupanga sentensi mbili za kulijibu. Akiisha kunakili ubaoni kwa miaka 2 mambo asiyoyaelewa, anakata shauri moyoni mwake kwamba akili aliyokuwa nayo shule ya msingi imekwisha, na hamwambii mtu.

Kwa hiyo keti naye, matokeo yakiwa mbele yenu, muyatazame somo kwa somo. Ikiwa Kiswahili amefanya vizuri na masomo mengine ameanguka, mmeshapata sehemu kubwa ya jibu, na jibu hilo lina faraja ya kweli, kwa kuwa kilichopungua ni lugha na lugha hufundishika hata kwa mtu mzima. Ikiwa hata Kiswahili kimeanguka, tafuteni kwingine. Muulize kama anauona ubao kutoka pale anapokaa, maana katika darasa lenye wanafunzi wengi kijana mrefu hupelekwa nyuma, na macho yasiyoona mbali hayajulikani mpaka yapimwe; hospitali ya CCBRT pale Msasani hufanya kazi hiyo, na hospitali ya rufaa ya Temeke iko jirani yenu zaidi. Muulize pia anafika shuleni saa ngapi. Wewe unayefanya biashara kituoni unajua kuliko mimi jinsi makonda wanavyowakwepa wanafunzi saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu nauli yao ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Mtoto anayeachwa na magari matatu hufika kipindi cha kwanza kimekwisha, hupewa adhabu ya kuchelewa juu yake, na ikiwa kipindi hicho huwa ni hisabati, basi hisabati ya mwaka mzima imeondoka na daladala.

Maswali haya yaulizwe kwa sauti ya mtu anayetafuta. Ukiuliza "kwa nini umefeli?" utapewa kimya, kwa sababu hilo ni swali la mahakamani. Ukiuliza "ni kipindi gani ambacho mwalimu akiingia tu moyo wako unazama?" huenda ukapewa jina la somo, na pengine, siku nyingine, sababu.

Sasa nije kwenye maneno "una akili", kwa kuwa ndiyo aliyokukataza. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa watoto wa darasa la tano. Watoto walipewa mafumbo wakayafanya vizuri, kisha baadhi yao wakasifiwa kwa akili zao na wengine kwa bidii waliyoitia katika kazi. Baadaye wote walipewa mafumbo magumu, wakashindwa. Wale waliosifiwa akili walikata tamaa mapema, wakasema hawaifurahii kazi ile, na waliporudishiwa mafumbo mepesi walifanya vibaya kuliko walivyoanza. Wale waliosifiwa bidii walivumilia, na alama zao zikapanda. Linganisha na yaliyompata kijana wako. Mtaa mzima ulimwambia kwamba amefaulu darasa la saba kwa kuwa ana akili, na watu hao walimwambia kwa mapenzi. Sasa amefeli, na kwa hesabu hiyo hiyo waliyomfundisha, akili hana. Kila unapolirudia neno lile unamwonyesha tena alichokipoteza.

Mahali pa neno hilo weka macho yako. Mtoto hujengwa na sifa inayotaja kitu alichokifanya na wewe ukakiona: "Nimekuona umekaa na jiografia tangu magharibi mpaka isha, ni ukurasa gani uliokusumbua?" Sentensi kama hiyo haiwezi kusemwa na mtu ambaye hakuwepo, na mtoto anajua hivyo.

Umesema kwamba huna cha kumsaidia kwa sababu uliishia darasa la saba. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo, na nitakusimulia habari za mama aliyesoma kidogo kuliko wewe. Sonya Carson wa mji wa Detroit, Marekani, aliacha shule akiwa darasa la tatu. Baada ya kuachana na mumewe aliwalea wavulana wawili kwa kufanya kazi za ndani katika nyumba za watu. Mdogo wao, Ben, alipokuwa darasa la tano alikuwa akishika mkia, na wenzake walimcheka. Mama yule alipunguza televisheni hadi vipindi viwili au vitatu kwa wiki, akawaagiza wanawe wasome vitabu viwili vya maktaba kila wiki na kumwandikia muhtasari wa kila kimoja. Aliupokea muhtasari, akaupitia na kalamu mkononi, akauwekea vema. Wanawe walikuja kutambua baadaye kwamba yeye mwenyewe alikuwa hawezi kuusoma vizuri. Mwaka 1987, katika hospitali ya Johns Hopkins, Ben Carson aliongoza kundi la madaktari waliowatenganisha watoto pacha kutoka Ujerumani waliozaliwa wameungana vichwa. (Siasa alizoingia baadaye ni habari nyingine, wala sikuahidi kwamba kila anayesoma vitabu viwili kwa wiki atakuwa daktari wa kupasua ubongo.) Ninachotaka ukione ni kazi aliyoifanya mama yule: alitenga muda, akaweka kanuni, akaisimamia wiki baada ya wiki akiwa amechoka na kazi za watu, na watoto wakajua kwamba kuna mtu anayesubiri karatasi zao.

Hilo unaliweza Mbagala. Kila jioni, ukishaandaa unga wa kesho, akae karibu nawe achague ukurasa mmoja wa kitabu cha Kiingereza, mathalani wa baiolojia, ausome kwa sauti, kisha akueleze kwa Kiswahili ukurasa huo unasema nini mpaka wewe uelewe. Usipoelewa, mwambie hujaelewa, aanze upya. Elimu yako ya darasa la saba hapa ni faida, kwa maana mwalimu anaweza kudanganywa na sentensi ya Kiingereza iliyokaririwa, lakini wewe huwezi, kwa kuwa unadai maana. Maneno yasiyojulikana ayaandike katika daftari dogo na kuyatafuta katika kamusi ya Kiingereza na Kiswahili. Nusu saa inatosha. Ikizidi hapo mtachoka wote wawili na mtaacha. Ile simu anayoshinda nayo msimnyang'anye, kwa sababu Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika Maktaba Mtandao yake, na kuvisoma ni bure ukishajisajili. Siku ya Jumamosi ambayo biashara si nyingi mtume Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na akirudi usiulize amesoma kurasa ngapi. Mwache akuonyeshe alichokipata.

Kuhusu baba yake, tafadhali usimfanye kuwa adui katika habari hii. Gereji ni kazi halali iliyosomesha watoto wengi wa jiji hili, na chuo cha ufundi cha VETA pale Chang'ombe hakikujengwa kwa ajili ya watu walioshindwa maisha. Kosa ni kumpeleka kijana kwenye ufundi kama mtu anayetupwa, kwa sababu atajifunza kuuchukia ufundi pamoja na kujichukia mwenyewe, na pia kwa sababu akiwa na cheti cha kidato cha nne milango ya ufundi wenyewe itakuwa mingi zaidi. Zungumzeni wawili, watoto wakiwa wamelala, mkubaliane jambo moja mtakalomweleza kwa sauti moja: mwaka huu anarudia, na mwisho wa mwaka mtayatazama matokeo pamoja, naye akiwa na haki ya kusema anataka nini. Kisha mpe baba kazi ambayo wewe huiwezi. Fundi ujenzi hakuzaliwa akijua kupiga ukuta wima. Kuna ukuta aliwahi kuambiwa aubomoe aanze upya. Amchukue kijana siku moja ya Jumapili amweleze hayo, bila kumalizia na mahubiri.

Siku ya kurudi shuleni msimwache aende peke yake. Mwombe mwalimu wa taaluma, kwa adabu na mapema, ampangie mkondo ambao hauna watoto wa mtaani kwenu ikiwa nafasi ipo, na akae mbele. Vilevile, pale kwenye meza yako ya chapati habari za mtoto huyu zisiwe kitoweo cha wateja, wala asilinganishwe na mtoto wa jirani aliyepita kwenda kidato cha tatu. Aibu ndiyo inayomzuia kuliko hisabati, na aibu hukua kwa kutajwa.

Sasa maneno uliyoyaomba. Kama ningekuwa wewe ningesema hivi: "Mwanangu, umeanguka na najua inauma. Tumetazama pamoja, tumeona Kiingereza ndicho kilichokuzuia. Mwaka huu, kila usiku, tutakifanyia kazi mimi na wewe." Mwezi wa kwanza usitegemee kuona lolote. Mtihani wa katikati ya muhula pengine utakuwa mbaya karibu kama ule wa mwanzo, na hapo ndipo wazazi wengi hulegea. Tazama kitu kingine: je, sasa anajibu maswali ya kueleza ambayo zamani aliyaacha wazi, hata kama anakosea? Karatasi yenye majibu yaliyokosewa ina uhai kuliko karatasi nyeupe, na ukiiona hiyo mwambie kwamba umeiona.

Swali

Mwalimu, nasoma safu yako lakini kuna jambo linaniudhi. Siku hizi kila mtaalamu anatuambia tuwatie moyo watoto, tuwasifu, tusiwakaripie. Sisi tulichapwa nyumbani tukachapwa shuleni, na tukafaulu. Binti yangu wa darasa la sita ameleta alama 58 kwa 100 ya hisabati na mke wangu anataka nimpongeze kwa kuwa muhula uliopita alipata 41. Nikimpongeza kwa 58 atajuaje kwamba 58 haitoshi? Dunia haitambembeleza.

Baba wa mabinti wawili, Tabata

Jibu

Ndugu yangu, umesema kweli kwamba dunia haitambembeleza, ndiyo maana itafaa apate mahali pamoja pa kukusanyia nguvu kabla ya kukutana nayo. Lakini niruhusu kwanza niiguse hoja ya fimbo. Wewe ulichapwa ukafaulu, nami naamini. Ila wenzako mliochapwa pamoja, wakaacha shule darasa la tano kwa sababu ya kuchapwa, hawaandiki barua magazetini kueleza upande wao. Tunawasikia waliobaki tu, kisha tunaishukuru fimbo kwa kazi ambayo pengine ilifanywa na mama aliyekuwa akiwaamsha alfajiri.

Unachanganya pia kutia moyo na kudekeza. Mtoto aliyedekezwa hupunguziwa kazi. Aliyetiwa moyo huongezewa, kisha akapewa mtu wa kusimama naye. Mkimbiaji Wilma Rudolph wa Tennessee, Marekani, alipata polio akiwa bado mdogo, mguu wake wa kushoto ukadhoofika. Nyumba ilikuwa na watoto wengi kupita kiasi, yeye akiwa wa 20 kati ya 22, na fedha hazikuwepo. Kwa kuwa huduma za tiba kwa Wamarekani weusi zilikuwa haba katika mji wao, mama yake alimpakia basi kila wiki, kwa muda wa miaka 2 hivi, kwenda Nashville, umbali wa kilomita 80, kisha akawafundisha ndugu zake kumkanda mguu nyumbani mara nne kwa siku. Daktari alisema hatatembea vizuri. Mama alisema atatembea, na mtoto akaamua kumwamini mama. Alivaa chuma cha mguu mpaka alipokaribia miaka 12. Mwaka 1960, katika michezo ya Olimpiki ya Roma, alishinda medali 3 za dhahabu: mita 100, mita 200 na mbio za kupokezana za mita 100 mara nne. Sasa niambie, katika habari hii nani alibembelezwa? Kukandwa mguu uliodhoofika mara nne kwa siku si jambo la raha. Kauli ya mama iliaminika kwa sababu ilikuja na nauli ya basi.

Basi kuhusu zile 58. Kutoka 41 hadi 58 ni alama 17, na binti yako anajua alizipata vipi. Wewe hujui, kwa sababu ulipoiona karatasi ulianza kuhesabu zile 42 alizokosa. Muulize alibadilisha nini. Huenda atakwambia alianza kukaa na rafiki anayejua sehemu na desimali, au aliacha kuruka hatua za kazi. Hicho kipongeze kwa jina, kisha, katika mazungumzo hayo hayo, kaeni chini mtafute ni maswali ya aina gani yaliyobaki na lini mtayafanya. Hutakuwa umemwambia kwamba 58 inatosha. Utakuwa umempa sababu ya kuitafuta 70. Na mke wako mwambie asante, maana yeye ndiye aliyekumbuka ile 41.

Swali

Mwalimu, salaam. Nina miaka 68, naishi Gongo la Mboto na mjukuu wangu wa kike ambaye mama yake alifariki zamani. Mwaka juzi akiwa kidato cha tatu alipata ujauzito, akaacha shule. Mtoto wake sasa ana miezi 8. Anatamani kurudi kusoma, lakini majirani wanamwambia shule haipokei mama wa mtoto, na kwamba hata akirudi atakuwa kichekesho. Je, serikali inaruhusu? Na mimi bibi, ambaye si mama yake, neno langu lina uzito gani?

Bibi, Gongo la Mboto

Jibu

Shikamoo bibi. Nianze na la serikali kwa kuwa ni fupi: inaruhusu. Majirani wanakumbuka utaratibu wa zamani. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, wakiwemo waliojifungua, wanaweza kurudi katika shule za kawaida, na mwongozo wake ni Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021. Nenda naye kwa mkuu wa shule aliyokuwa akisoma, mkiwa na nyaraka zake za masomo, na fanyeni hivyo wiki hii kwa sababu muhula umeshaanza. Akiona hawezi kurudi katika shule ile ile, anaweza kuomba nyingine. Na ikiwa saa za mchana zitamshinda kwa ajili ya mtoto, iko njia ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambako vijana wa hali yake husoma na kufanya mtihani wa kidato cha nne. Kwa maoni yangu shule ya kawaida ijaribiwe kwanza, kwa kuwa huko atakuwa na walimu kila siku.

Kuhusu uzito wa neno lako, kuna utafiti ambao ningependa usomewe kwa sauti. Katika kisiwa cha Kauai, huko Hawaii, mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, tangu utotoni mpaka wakawa watu wazima wa makamo. Miongoni mwao walikuwemo waliokulia katika umaskini pamoja na matatizo mengine mazito ya nyumbani, na wengi walidhani kwamba wote wangeharibikiwa. Karibu theluthi moja ya hao walikua wakawa watu wazima imara na wenye kujitegemea. Moja ya mambo yaliyowaunganisha ni kwamba kila mmoja alikuwa na walau mtu mzima mmoja aliyemtegemea bila kuyumba, na mara nyingi mtu huyo hakuwa mzazi: alikuwa bibi, babu, shangazi au mwalimu. Jambo jingine linalomhusu mjukuu wako moja kwa moja ni kwamba wengi wa wasichana wa kisiwa kile waliozaa wakiwa wadogo walikuja kutengemaa walipofika miaka ya 30, na kurudi kusoma kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowageuza.

Kwa hiyo neno lako lina uzito, lakini kwa mjukuu wako neno lenyewe litakuwa la pili. La kwanza ni kwamba utampokea mtoto saa kumi na moja na nusu alfajiri ili yeye awahi gari. Ukiweza hilo, huhitaji kusema mengi. Ila usimpokonye umama wake: jioni akirudi mkabidhi mtoto amnyonyeshe, amwogeshe na kumlaza, kisha umpe saa moja ya daftari lake pasipo kumtuma dukani. Umri wako nao tuuzingatie. Kama kuna shangazi au mjomba anayeweza kushika siku mbili za wiki, mwombe sasa ungali una nguvu, usingoje kuugua ndipo uombe. Majirani msibishane nao. Anayeuliza mwambie mtoto yuko shule, na uendelee na shughuli zako.

Mjukuu wako ataogopa siku ya kwanza kuliko siku nyingine zote. Mweleze kwamba hana wajibu wa kumsimulia yeyote habari zake, na mwombe mkuu wa shule amkutanishe na mwalimu wa kike wa malezi, ili siku mtoto akipandwa na homa awe na mtu wa kumwomba ruhusa bila kuulizwa mbele ya darasa. Kuhusu sare, ile ya zamani huenda inambana kifuani na kiunoni baada ya kujifungua. Mpelekeni kwa fundi aiachie mishono badala ya kushona mpya, kwa kuwa Januari foleni ya mafundi cherehani ni ndefu, na fedha hiyo mtaihitaji kwa nauli na uji wa mtoto.